Pombe ya Kumshukuru Sinzinkayo

Siku tuliyofukia ndizi nilikuwa nimemkasirikia Baba kwa jambo dogo kabisa. Alikuwa ameanza kuchimba shimo nyuma ya nyumba, akalisusa katikati, akaja kuniita nilipokuwa nikisuka mkeka ili nikammalizie. Baba alikuwa hodari wa kuanza mambo. Kumalizia ilikuwa kazi yetu sisi wengine, na yeye alisimama pembeni akituelekeza kama msimamizi wa barabara.

Kwetu Mutaho pombe ya ndizi haianzi na ndizi mbivu. Mikungu hukatwa mibichi, shimo likatandikwa majani ya mgomba, ndizi zikapangwa ndani na kufunikwa kwa majani na udongo ziive gizani. Zikishaiva hazimsubiri mtu. Humenywa, hukamuliwa kwa nyasi mpaka maji yake yatoke, kisha maji hayo huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa na kuachwa yachachuke. Kwa hiyo anayefukia ndizi amejifunga. Hawezi kesho yake kusema amebadilisha mawazo.

Pombe hiyo ilikuwa ya Sinzinkayo, jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Alikuwa amempa Baba ng'ombe jike, Gaju, mwenye rangi ya udongo mwekundu. Hakumuuzia, alimpa, kwa namna watu wa kwetu wanavyopeana ng'ombe na kuwa zaidi ya ndugu. Gaju alipozaa na watoto wetu wakanywa maziwa, ilimpasa Baba kwenda kwa Sinzinkayo na mtungi wa pombe kushukuru. Kwa Kirundi tunaita gukura ubwatsi. Si jambo la kufanya kimya kimya. Hutangazwa, na Baba alikuwa ametangaza sokoni, baada ya misa, na njiani kwa watu ambao hawakumuuliza lolote.

Mama hakupendezwa na kelele hizo. Yeye alizaliwa Nyamugari, kule Gitega mjini, katika nyumba ya wafanyabiashara Waislamu, na ndiyo maana nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili zaidi ya majirani. Alipoolewa na mkulima alijifunza kumenya ndizi, kukamua na kuchuja, lakini pombe yenyewe hakuionja hata kwa ncha ya ulimi. Alikuwa akisema anapika sumu kwa heshima ya mume wake.

Tulifunika shimo, tukanawa mikono, tukala maharage. Ndiyo siku ya mwisho ya kawaida ninayoikumbuka.

Vita vilifika kwetu kwa redio kwanza, halafu kwa moshi. Tuliuona moshi mlima wa tatu kutoka wetu, kesho yake wa pili. Sinzinkayo na watu wa nyumba yake walihama wakaenda katika kambi iliyowekwa karibu na ofisi ya komini, yaani ya serikali ya eneo letu, penye walinzi wenye bunduki. Wao walikuwa Watutsi na sisi Wahutu. Naandika wazi, maana watu wanaolizunguka neno hili kama mbuzi anavyozunguka kigingi wamenichosha. Waliohama waliwaogopa waliobaki milimani, na sisi wa milimani tuliwaogopa walinzi wa kambi. Pande zote mbili zilikuwa na sababu.

Mama alitaka tuondoke siku ileile twende Muyinga, ambako dada yake alikuwa ameolewa na mchuuzi wa chumvi, na kutoka hapo mpaka wa Tanzania si mbali. Tayari alikuwa amefunga nguo katika shuka. Baba alikuwa amekaa juu ya kinu, akitazama nyuma ya nyumba.

"Ndizi ziko ndani ya shimo," alisema.

"Ndizi?" Mama aliuliza. "Iko watu wanakimbia na watoto mgongoni, na we unachunga ndizi?"

"Nimeshatangaza. Ahadi ni deni."

"Deni inalipwa na mtu muzima, baba Domi! Maiti hailipi!"

Domi ndiye mimi, Domitila, mtoto wao wa kwanza. Nilikuwa na umri wa kuelewa kila kitu na wa kutosikilizwa na mtu yeyote. Nilimwambia Baba kwamba Sinzinkayo mwenyewe, mwenye akili zake, alikuwa ameshahama na hakuna mtu aliyekuwa akimsubiria pombe. Baba aliniangalia kwa upole ulionitia wazimu.

"Huyo ndiye wa kumufikiria sana," alisema. "Saa hii anakaa kule anawaza, Baranyikwa atakuja ama Baranyikwa ameshakuwa adui? Mi nisipofika, nitakuwa nimemujibu."

Yalikuwa maneno mazuri. Lakini kuwa na maneno mazuri si sawa na kuwa na akili, na Baba siku zile alikuwa na maneno tu.

Mama alipoona hashindi, alifanya jambo ambalo, kama si vita, lingechekesha. Alifungua mzigo wake, akakunja mikono ya blauzi, akafukua ndizi mwenyewe. Aliona kwamba njia fupi ya kufika Muyinga ni pombe iive. Basi tukamenya. Barabarani walipita watu wenye magodoro vichwani na kuku waliofungwa miguu, wakitukuta tumepiga magoti kando ya hori la mbao, tunakamua ndizi kama watu wenye harusi. Mzee mmoja alisimama, akatutazama, akatikisa kichwa akaenda zake. Niliona aibu. Mama alikamua kwa nguvu kama vile ile ndizi ndiyo iliyomwoa.

"Ikichacha tu unaenda, unarudi, tunatoka," alimwambia Baba. "Na kama inakataa kuchacha, Mungu ananiona, nitaimwaga."

Pombe haikukataa. Ilichacha vizuri kuliko ya miaka yote, na Baba alipoionja alitabasamu, akasahau kuficha tabasamu lake.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka mpaka migombani. Baba alivaa koti lake la kanisani. Alifunga mdomo wa mtungi kwa jani la mgomba, akachomeka mirija miwili ya mtete kwapani, akajiwekea kata kichwani.

Mama alisimama mlangoni.

"Mupe mutu mwingine apeleke."

"Pombe ya shukrani haipelekwi na mutu mwingine. Mi naonja kwanza, aone haina sumu, kisha naye anakunywa. Ndivyo iko."

"Na risasi? Nayo utaonja kwanza?"

Baba alicheka. Alisema twende mbele na watu wa mlima wetu, yeye atatukuta kwenye daraja, na kama si darajani basi Muyinga. Alimgusa mdogo wangu Eliya kichwani, mgongoni mwa Mama. Mimi alitaka kunigusa bega nikajivuta. Nilikuwa nimekasirika.

Alishuka bondeni, na mtungi ndio uliokuwa wa mwisho kuonekana katika ukungu.

Tulitembea.

Kwenye daraja hakuwepo.

Tulipokuwa tunapanda upande wa pili tulisikia milio. Michache. Halafu kimya.

Mama alisimama. Watu nyuma yetu wakasukumana. Hakugeuka. Alimpandisha Eliya mgongoni, akakaza kitambaa, akaendelea kutembea.

"Risasi iko nyingi siku hizi," alisema. "Haina jina la mutu."

Muyinga tulikaa katika ua wa dada yake Mama, kati ya magunia ya chumvi na familia nyingine ambazo sikuzijua. Kila asubuhi watu waliondoka kwenda mpakani Kobero. Kila asubuhi Mama alisema tungoje kidogo. Baba alikuwa amesema Muyinga, kwa hiyo atafika Muyinga, na akifika akute tumeondoka atazunguka kututafuta, unajua alivyo. Nilijua alivyo. Nilimwambia Mama kwamba ametoka kugombana na mtu aliyekataa kuondoka kwa ajili ya pombe, na sasa yeye mwenyewe anakataa kuondoka kwa ajili ya mtu huyohuyo. Alinipiga kofi. Baadaye aliniletea uji na hatukulizungumzia.

Aliyekuja alikuwa mchukuzi wa baiskeli wa Mutaho, aliyezoea kubeba ndizi na sasa alibeba watu. Aliweka baiskeli chini, akavua kofia, na Mama akajua.

"Tulimuzika, mama," alisema. "Chini ya kambi, kwenye njia. Alikuwa anarudi."

"Anarudi?"

"Ego, anarudi. Walikunywa. Yeye na Sinzinkayo. Walikunywa vizuri, kisha akapigwa saa ya kurudi."

Mama aliuliza tena, polepole, kama mtu anayehesabu mbegu.

"Walikunywa?"

"Walikunywa."

Basi akaingia ndani, akachukua mzigo, na siku hiyohiyo tukavuka.

Sitasimulia mengi ya Tanzania. Nilikulia huko, nikalima mashamba ya watu, nikaolewa, nikamzaa Furaha na wadogo zake. Mama alilala huko na hakuamka kwa ugonjwa wa kifua ambao kwingine ungetibiwa. Mpaka mwisho wake alikuwa na neno moja: alau walikunywa. Mtoto akiumwa, alau tuko salama. Mvua ikikosekana, alau tumepanda. Na juu ya Baba, alau walikunywa. Neno hilo "alau" lilinichosha kuliko kazi ya jembe. Nilitaka kumwambia kwamba Eliya amekua bila baba kwa sababu ya mtungi. Sikumwambia, kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokuwa amebaki nacho. Na kwa kweli, nikiwa nimelala na hasira zangu, mimi mwenyewe nilikuwa nimekilalia kitu hichohicho.

Tulirudi Mutaho, mume wangu na watoto, tukagawana shamba na waliokuwa wamelikalia, kwa maneno mengi ambayo hayafai kuandikwa. Gaju hakuwepo, bila shaka. Hakuna aliyemla, kila niliyemuuliza alikuwa hayupo siku hiyo. Lakini hadithi ya Baba niliikuta. Tena niliikuta imenona.

Siku hizi kwetu kuna sherehe ya utamaduni. Kuna kamati, na mwenyekiti wake ni kijana anayeitwa Deo, mwenye simu mbili na haraka nyingi. Alikuja kwangu nikiwa napepeta maharage.

"Mama Furaha, histoire ya baba yako iko muhimu kabisa," alisema. "Yeye na Sinzinkayo, mtungi moja, mirija mbili, katikati ya vita! Donc, watoto wa shule wataigiza. We utakaa mbele na wageni."

"Wataigiza nini hasa?"

"Wanakunywa. Watu wanapiga makofi."

"Na kupigwa risasi?"

Deo alikuna shingo. "Hiyo tunaacha, mama. Ni siku ya furaha."

Niliwaona wakifanya mazoezi uwanjani. Mtoto aliyekuwa Baba alikuwa amebeba dumu la mafuta la njano. Waliinama, wakanyonya hewa kwa mirija, wakakumbatiana, kwaya ikaimba. Waliniuliza kama inafanana. Nilisema Baba hakuwa mwembamba namna ile. Ningeweza kuwaambia mengine, lakini watoto hawana kosa.

Siku moja kabla ya sherehe, mchana, Sinzinkayo alikuja nyumbani kwangu. Tangu vita aliishi Gitega, mtaa wa Musinzira, kwa mwanawe, na mimi sikuwahi kwenda kumtafuta. Nilikuwa na sababu tele, zote za kijinga. Alikuwa mzee mwenye fimbo, amevaa sweta chini ya koti, na mjukuu wake alimleta kwa pikipiki akaondoka. Nilimpa kiti. Nilimpa maziwa. Hakuyagusa.

"Domi," alisema, akinitazama. "Unafanana na mama yako."

"Karibu, mutama," nilimwambia, maana ndivyo tunavyowaita wazee wetu. "Kesho watakusifu mpaka uchoke."

"Ndiyo imenileta."

Akalaza fimbo mapajani. Mimi si mtu wa kusubiri, lakini nilisubiri.

"Baba yako alifika," alisema. "Alisimama nje ya ua wa kambi, kwenye ukungu. Alisalimia vile tulikuwa tunasalimiana. Amashyo!"

Mtu wa kwetu akikuamkia amashyo anakutakia makundi ya ng'ombe, nawe unamjibu amashongore, kwamba yawe makundi ya ng'ombe jike. Mtoto mdogo anajua kujibu. Hata ukiwa umegombana na mtu, mdomo wako unajibu wenyewe.

"Nilijua sauti," Sinzinkayo alisema. "Nilikuwa ndani ya hema, nimelala chini. Mke wangu alinishika nguo. Mule ndani walikuwa wanasema, mwenye kuongea na watu wa mulimani ni musaliti. Walishamupiga mumoja. Baba yako akaita tena. Akaita jina yangu. Mi nikaweka blanketi kwa mudomo."

"Hukujibu."

"Sikujibu. Akabaki anaita. Walinzi waliona mutu kwa ukungu, na kitu kikubwa chini mbele yake."

Maziwa yalikuwa yameanza kufanya utando juu.

"Na pombe?" niliuliza.

"Mutungi haukuvunjika. Aliuweka chini kabla ya kusalimia, heshima. Walinzi ndio walikunywa."

Nilitoka nje. Nilizunguka nyumba, nikarudi, nikatoka tena. Nilitaka kumpiga mtu, na mtu wa kumpiga alikuwa amezikwa kwenye njia chini ya kambi akiwa na koti la kanisani. Ungekuja tu na sisi, Baba. Ungeimwaga. Mama amekufa akimshukuru Mungu kwa kitu ambacho hakikutokea, na mimi nimekubebea hasira miaka yote nikiwa na kitulizo kidogo chini yake, na sasa hata hicho wamekinywa walinzi.

Nilipoingia tena, mzee alikuwa amesimama.

"Mwanangu ana ng'ombe," alisema. "Nikupatie moja. Mahali pa Gaju."

"Mutama, nikimpokea itabidi nikuletee pombe ya shukrani. Mimi na pombe hiyo basi."

"Unataka nini, alors? Sema. Nitafanya."

"Kesho watakupa kipaza sauti. Sema hivyo ulivyoniambia."

Alikaa chini tena. Alichukua kikombe, akanywa maziwa yote pamoja na utando, akajifuta mdomo.

"Nitasema," alisema.

Na alisema. Siwezi kumnyima hilo. Watoto walimaliza kunyonya hewa, makofi yakapigwa, akaitwa mbele, akasimama na fimbo yake mbele ya wageni, ya watu wa mlima wetu na ya waliokuwa naye kambini, ambao baadhi yao walikuwa bado hawajazeeka. Alisema kwa Kirundi, bila kupamba. Alisema, hatukunywa. Alisema, aliniita na nilimsikia. Watu walikuwa wanatabasamu bado, kwa mazoea, kisha nyuso zikaanza kushuka moja moja.

Deo alifika mbio. Alichukua kipaza sauti mkononi mwa mzee kwa adabu kubwa, kama anavyonyang'anywa mtoto kisu.

"Muzehe amechoka," alitangaza. "Umri, njia ndefu, na jua! Tumushukuru muzehe wetu! Ngoma!"

Ngoma zikaanza. Ngoma za kwetu zikipigwa huwezi kusikia hata mawazo yako, na nadhani ndiyo sababu ziliitwa. Watu waliinuka kucheza. Mama mmoja karibu yangu, aliyekuwa akilia, alijipangusa akaanza kupiga vigelegele. Nilimwangalia Deo akicheka na wageni na nikajua kwamba mwakani watoto watabeba dumu lilelile. Mtu anaweza kufa mara moja tu, lakini kwetu akishakufa vizuri hawamwachi apumzike.

Nilimkuta Sinzinkayo nyuma ya jengo la komini, amekaa juu ya tofali, akimngojea mjukuu wake. Nilikaa kwenye tofali la pili. Kwa ngoma zile isingewezekana kusikilizana.

Ngoma zilipopumzika aligeuka.

"Nimesema," aliniambia.

"Nimesikia."

"Unanisamehe, Domi?"

Nililitafuta jibu la heshima sikulipata. Nikampa la kweli.

"Bado sijamaliza kumkasirikia Baba, mutama. Nikimaliza na yeye, nitafika kwako."

Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa zamu yake kwenye foleni na kuona ni haki.

"Basi ufanye haraka," alisema. "Mi nazeeka."

Pikipiki ikaja. Nilimsaidia kupanda, nikamwekea fimbo mapajani, nikashika mkono wake mpaka mjukuu akamaliza kuwasha. Mkono ulikuwa mkavu na mwepesi, mkono wa mzee. Wa baba yangu sikuwahi kuuona ukizeeka hivyo. Walikuwa rika moja.